Taa ya Barazani

Mama yangu havai saa. Nyumbani kwetu Zinga, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, yeye hujua wakati kwa adhana, kwa bahari kupwa na kujaa na, tangu tulipovutiwa umeme, kwa glopu ya barazani. Jioni mwanga wake ukififia na kuwa mwekundu kama wa kibatari, husema: “Watu wamerudi majumbani.” Kisha huingia ndani kuchomoa friji yake, ile inayogandisha barafu ya kuwauzia wavuvi wa Mlingotini. Saa nne usiku mwanga ukikaza huichomeka tena. “Wamelala. Sasa zamu yetu.”

Kwa miaka mingi niliyachukulia hayo kuwa mazoea ya mtu mzima tu. Kumbe alikuwa akisoma kitu ambacho wahandisi hukichora. Umeme wa gridi haulimbikizwi ghalani kama mpunga. Kinachotumika sekunde hii hakina budi kuzalishwa sekunde hiihii. Pale Ubungo, Dar es Salaam, kuna kituo cha kuongoza gridi ya taifa, ambamo watu hukesha wakilinganisha mitambo izungukayo na mikono iwashayo. Kipimo chao ni mizunguko 50 kwa sekunde. Watumiaji wakizidi, kipimo hushuka, wakipungua, hupanda. Sisi watunzi neno la kazi hiyo tunalo tayari: mizani. Mshororo wa mizani kumi na sita ukizidishwa silabi moja, sikio huukataa hata kabla hujahesabu vidole.

Ukiutazama mchoro wa mahitaji ya siku moja utawaona watu. Usiku wa manane mstari umelala. Alfajiri unainuka na waamkao. Mchana unabebwa na viwanda na viyoyozi vya maofisini, na baada ya magharibi unafika kileleni, kwa kuwa kila nyumba imewasha taa, televisheni na pasi kwa wakati mmoja. Uingereza wana kisa chao mashuhuri cha tarehe 4 Julai 1990. Timu yao ilipotolewa na Ujerumani Magharibi kwa penalti katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, mamilioni waliinuka kwenda kuchemsha chai, na mahitaji yakaruka kwa megawati zipatazo 2,800.

Kwetu chai huchemka juu ya mkaa au gesi, na mpira huangaliwa kibanda umiza. Januari 2024, Simon Msuva alipoifungia Taifa Stars dhidi ya Zambia katika Kombe la Mataifa ya Afrika, ukumbi mzima ulipaa mbele ya televisheni moja, na Zambia waliposawazisha dakika za mwisho, ukumbi huohuo ulinyamaza. Mchoro wa Ubungo haukuwa na njia ya kutuhesabu. Ulituona kama nyumba moja.

Mwezi uliofuata, mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuzalisha umeme Rufiji. Mashine zilipangwa kuwa tisa, kila moja megawati 235, jumla 2,115. Mgao uliokuwa umetuchosha ukapungua, hata Machi zikaja habari za mitambo mingine ya maji kuzimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Nilimpigia mama simu kwa fahari, kana kwamba bwawa nimelijenga mimi. “Mama, umeme sasa umejaa. Acha kuchomoa friji.”

“Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma.”

Friji iliungua katika kumi la kwanza la Ramadhani, saa ya futari, wakati ambao barafu hutafutwa kuliko siku zote za mwaka. Nilikuwa nimechanganya bwawa na waya. Nchi ilikuwa na umeme wa kutosha, lakini sisi tuko mwisho wa laini, tunagawana transfoma moja, na watu wakiwasha kwa pamoja kinachotufikia huwa kidogo. Friji ikipata umeme mdogo, mota yake hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi hadi ikapata moto. Mama hakunilaumu. Aliwatuma watoto wawaambie wavuvi kwamba barafu hakuna.

Nilikwenda Zinga kwa mapumziko ya Pasaka. Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 1 Aprili 2024, gridi ya taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani. Tulikula daku kwa mwanga wa simu. Mama alitoka barazani akasimama kitambo, akitazama upande wa nyumba za jirani. “Leo siwezi kujua nani kaamka,” alisema, kisha akamtuma mpwa wangu akamgongee bibi wa nyumba ya pili, anayeishi peke yake, asije akapitiwa na daku.

Kiswahili cha mitaani husema umeme “umekuja”, “umeondoka”, “umerudi”, kama mgeni. Nadhani mama asingekubali. Kwake yeye umeme ni majirani.

Nilimnunulia friji nyingine, kwa mkopo, na nikaileta bila maelezo yoyote. Magharibi ya siku hiyo aliichomoa. Saa nne niliitazama glopu, nikainuka kuichomeka mwenyewe. “Bado,” akasema kutoka mkekani. “Ngoja, kuna nyumba haijalala.”