Pikapu ya kuvuta tela: chungulia uvunguni kwanza
Mimi na mume wangu tunakodisha maturubai na viti huku Mbagala. Tulipotafuta pikapu iliyotumika ya kuvuta tela, dalali alituonyesha moja, akaisifia rangi na redio. Mume wangu akavutiwa. Mimi nikamwita fundi wetu. Akaingia uvunguni: chesisi imeliwa na kutu, tena imechomelewa pale pale tela linapofungwa. Tukaiacha, ingawa watoto walishaipa jina.

Mzazi mwenzangu, gari la kuvuta lipime kwa breki, maana kwenye mteremko tela lililojaa hulisukuma kwa nyuma. Linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi, kisha uhamishe umiliki TRA. Hela unayotaka kulipa ndiyo hiyo hiyo ya ada; dalali hilo halimhusu.