Nesi Aliyekataa Kuwa Mgonjwa

Akina mama wenzangu, leo nataka kuwasimulia jambo ambalo kwa muda mrefu niliona aibu kulisema. Mimi ni muuguzi, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20. Kila siku ninapopita wodini huwauliza wagonjwa swali lile lile: "Kutoka sifuri mpaka kumi, maumivu yako yamefika ngapi?" Lakini swali hilo lilipokuja kwangu mwenyewe, nilijibu uongo. Nilimdanganya mume wangu, nikawadanganya wanangu, na mwisho nikajidanganya mwenyewe.

Nilianza kukimbia mwaka 2017, nikiwa na umri wa miaka 39. Siku moja zamu ilikuwa shwari, nikajipima shinikizo la damu kama mchezo tu. Mashine ikaonyesha 150 kwa 96. Nikadhani imeharibika. Nikapima tena siku iliyofuata, na wiki iliyofuata, namba zikawa zile zile. Baba yangu mzazi alifariki kwa kiharusi, kwa hiyo nilijua njia hiyo inaelekea wapi. Daktari akaniambia nipunguze chumvi, nipunguze mwili, na nifanye mazoezi.

Basi nikawa naamka saa 11 alfajiri kabla watoto hawajaamka. Nilivaa suruali ya mazoezi na juu yake nikajifunga kanga, nikaivua nilipokwisha kutoka mtaani kwetu. Majirani hapa Moshi walicheka sana. Mmoja aliniuliza kama nyumbani kumewaka moto. Siku za kwanza sikuweza kukimbia hata kutoka nyumbani hadi kanisani bila kusimama mara tatu. Lakini baada ya miezi kadhaa mwili ulipungua, na shinikizo la damu likashuka. Nilimshukuru Mungu kwa moyo wote.

Hapa Moshi tuna mbio za Kilimanjaro Marathon, ambazo zilianza mwaka 2003 na hufanyika kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2019 nikajiandikisha mbio za kilomita 21. Kwa kuwa hufanyika Jumapili, ilinibidi niombe ruhusa kwa mwenyekiti wa umoja wetu wa akina mama, maana nilikuwa na zamu siku hiyo. Njia yake wenyeji wanaijua. Mnapanda muda mrefu kuelekea Mweka, mlima ukiwa mbele yenu, halafu mnageuka na kushuka hadi uwanjani. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 41. Mwaka 2022 nikafika saa 2 na dakika 19.

Hapo ndipo nilipopotea, ndugu zangu. Nilianza kukimbia ili niishi niwaone wajukuu, lakini sasa nikawa nakimbilia namba. Nilijiwekea lengo la kumaliza chini ya saa 2 na dakika 15 mwaka 2023. Nililiandika kwenye karatasi na kulibandika ndani ya mlango wa kabati. Mbio nilizokuwa nakimbia mara tatu kwa wiki nikazifanya mara sita. Nilitoka zamu ya usiku nikaingia barabarani bila kulala.

Mwanzoni mwa Desemba 2022 ugoko wa mguu wa kulia ukaanza kuuma. Haukuwa uchovu wa misuli, maana huo husambaa mguu mzima. Maumivu haya yalikuwa sehemu moja, ningeweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole. Mgonjwa angenieleza hivyo ningemkalisha kitini mara moja. Lakini mimi nilienda duka la dawa nikanunua diklofenaki. Nilimeza kidonge kimoja kila kabla ya mazoezi marefu, baadaye nikawa nameza viwili. Vidonge hivyo nilivificha kwenye boksi la raba zangu.

Mume wangu aliona nachechemea akaniuliza, "Mama, mguu una nini?" Nikamjibu kwamba nimejikwaa wodini.

Tena nilikuwa nimejipatia shujaa wa kunitetea. Watanzania wengi wanakijua kisa cha John Stephen Akhwari, mwanariadha wetu aliyekimbia marathoni kwenye Michezo ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Alianguka njiani akaumia vibaya goti. Wengine wengi waliacha mbio hizo, lakini yeye aliendelea akiwa amefungwa bandeji, na aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kila mguu uliponiuma nilijisemea moyoni kwamba kama Akhwari aliweza, na mimi nitaweza.

Katikati ya Januari, zikiwa zimebaki wiki chache tu, nilikuwa nateremka mlima mguu ukakataa. Nilihisi kama kijiti kimevunjika ndani. Nikakaa kando ya barabara, siwezi kukanyaga. Kijana wa bodaboda alinihurumia akanirudisha nyumbani, na yeye ndiye aliyemweleza mume wangu alivyonikuta. Mimi nilikuwa bado natafuta la kusema.

Eksirei ilionyesha ufa katika mfupa wa ugoko. Sikuwa nimegongwa na kitu wala sikuanguka. Mfupa hujijenga upya wakati wa mapumziko, na mimi nilikuwa siupi nafasi hiyo. Ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo, ndiyo maana picha safi haitoshi kukupa ruhusa ya kuendelea ikiwa mfupa unauma. Nikapewa magongo, na nikaambiwa nisikimbie kabisa mpaka mfupa uunge.

Jioni ile mume wangu alikuwa anapanga viatu vyangu, akakuta vile vidonge. Hakupiga kelele. Alikaa pembeni ya kitanda akavishika mkononi, akaniuliza, "Mama, angekuwa mgonjwa wako, ungemwambia nini?" Nililia sana. Kilichoniliza zaidi ni kwamba miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kuwa na sababu ya kutoniamini.

Ningependa kusema kwamba tangu siku ile nikawa mgonjwa mtiifu. Haikuwa hivyo. Wiki ya pili tu nilikuwa najaribu kufua nimesimama kwa mguu mmoja. Watoto walipopika niliwasahihisha kutoka kitandani. Akina mama wa umoja walipoanza kuja kunitazama, nilichukia. Mimi ndiye niliyezoea kwenda kwa wagonjwa kila Alhamisi. Kuketi na kupokelewa mikono mitupu kulinifanya nijione sina thamani.

Siku moja alikuja bibi mmoja wa usharika wetu, ambaye mwaka uliotangulia nilimkemea kwa kuacha dawa zake za shinikizo la damu. Alikuwa amebeba mtori kwenye hotipoti. Alinikuta nimesimama jikoni, magongo nimeyaegemeza ukutani.

"Mama nesi," akasema, "mwaka jana uliniambia nisipomeza dawa nitawapa wajukuu kazi ya kuniuguza. Nilikasirika, lakini nikameza. Sasa wewe unakwenda wapi na mguu huo?"

"Bibi, naweka tu maji ya chai."

"Chai nitaweka mimi. Kakae."

Nikakaa. Alinimiminia mtori, akasubiri mpaka nikamaliza bakuli. Wahenga walisema mganga hajigangi, na siku ile nilielewa kwamba ni kweli kabisa. Nilikuwa nahudumia watu bila kujua jinsi inavyokuwa vigumu kuhudumiwa. Nikakumbuka wagonjwa wangapi niliwaita wakaidi, kumbe walikuwa wanaona aibu tu.

Hata kisa cha Akhwari nikakitazama upya. Yeye alivumilia siku moja, katika kazi aliyotumwa na nchi yake. Mimi nilijiumiza wiki sita, na hakuna aliyenituma. Ni karatasi ya kabatini tu.

Februari ile nilisikiliza mbio nikiwa nyumbani. Baada ya wiki za magongo nikaanza kutembea, kwanza dakika 10, kisha 20. Mtaalamu wa viungo alinifundisha kusimama kwenye ngazi ya jikoni na kuinua visigino polepole ili kuimarisha misuli ya nyuma ya mguu. Nilikula dagaa, maziwa na mboga za majani. Ndipo nikaruhusiwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika nne, na kuongeza kidogo kidogo kila wiki.

Nilinunua daftari la shule. Kila baada ya mazoezi niliandika namba ya maumivu, sifuri mpaka kumi, na mume wangu akaweka sahihi yake pembeni. Tulikubaliana kwamba ikizidi mbili napumzika, bila mjadala. Mwanzoni niliona kama nimerudishwa darasa la kwanza. Lakini daftari lile ndilo lililojenga tena uaminifu uliokuwa umevunjika, ukurasa kwa ukurasa.

Mwaka 2024 nilirudi kwenye mbio. Kilomita ya 16, tukiteremka kutoka Mweka, ugoko ukanigusa. Haukuuma sana, labda tatu. Hakuna aliyekuwa ananiona. Nikasimama, nikatembea mpaka ukatulia, na sehemu kubwa iliyobaki nikaimaliza kwa kutembea. Saa 2 na dakika 38. Mume wangu alikuwa langoni. Nilimwambia, "Baba, andika tatu." Hakusema neno, lakini alinishika mkono mpaka nyumbani.

Mwaka 2025, nikiwa na miaka 47, nilikimbia njia nzima kwa saa 2 na dakika 17. Sikulifikia lile lengo la dakika 15, lakini nilikuwa nimeushinda muda wangu bora wa zamani kwa dakika mbili, na kwa mazoezi ya siku nne tu kwa wiki. Usiku ule binti yangu ndiye aliyelifungua daftari. Aliniuliza namba nikamjibu sifuri, naye akaiandika kwa kalamu nyekundu.

Mama mwenzangu, pengine wewe hukimbii. Lakini huenda unao mgongo unaouficha, au titi lenye uvimbe unaosema utalipima watoto wakifunga shule. Kwa wale wanaofanya mazoezi nasema hivi kama muuguzi: ukisikia maumivu sehemu moja ya mfupa, yanayozidi ukikimbia, yanayokuamsha usiku au yanayokufanya uchechemee, acha na uende hospitali. Ukikosa hedhi kwa miezi wakati bado hujafika umri wa kukoma, mwambie daktari pia, maana mifupa inaweza kuwa inadhoofika. Wala usimeze dawa za maumivu ili ukimbie. Diklofenaki haiungi mfupa, huficha tu onyo lake, na ukiwa na jasho jingi na maji machache yaweza kudhuru figo na tumbo.

Lengo la kujiboresha si baya. Mimi bado ninalo, na karatasi bado ipo kabatini. Ila sasa chini yake kuna mstari mmoja ambao mume wangu aliuongeza kwa mwandiko wake: "Kwanza urudi nyumbani salama."