Mtu Mpya Katika Hadithi

Hadithi ya mtu mmoja ni kama shamba lake mwenyewe: hupanda atakacho na kuvuna apendapo. Walakini hadithi inayotungwa na watu wengi pamoja ni kama mashua. Kila aingiaye humo huitikisa. Kwa hiyo atakaye kutia mtu mpya katika hadithi ya shirika hana budi kufikiri kwanza. Waliojifunza sana jambo hili ni watoto wanne wa Uingereza, na habari zao zafaa kusimuliwa.

Watoto hao walikuwa Charlotte, Branwell, Emily na Anne Brontë. Baba yao alikuwa padre wa kijiji cha Haworth, katika vilima vya Yorkshire, penye upepo na baridi nyingi. Mama yao alikufa mwaka 1821, na mwaka 1825 dada zao wawili wakubwa wakafa pia. Mwezi wa Juni mwaka 1826 baba alikwenda mji wa Leeds, akarudi usiku na kisanduku cha askari 12 wa mti, zawadi ya Branwell. Kulipokucha Branwell akakichukua mpaka mlangoni pa dada zake. Charlotte, mwenye miaka 10, akamnyakua askari mrefu kupita wote, mzuri asiye na ila, akamwita Wellington, kwa jina la jemadari aliyemshinda Napoleon Bonaparte huko Waterloo mwaka 1815. Branwell naye akamwita wake Bonaparte. Emily akatwaa mmoja mwenye uso mzito usiocheka, akapewa jina la uso wake. Anne, kitinda mimba mwenye miaka 6, akapata askari mdogo wa kioja, akaitwa Mtumishi.

Basi angalia. Wawili walipata majina makubwa, na wawili walipata uso na kazi tu. Jina kubwa ni nguo ya kuazima. Mwenye nalo yajulikana tangu mwanzo atakalofanya: atapigana, atashinda. Lakini mwenye uso usiocheka humfanya mtu aulize, “Amepatwa na nini?” Na mtumishi je, amtumikia nani, na kwa hiari au kwa nguvu? Swali kama hilo ndilo mbegu ya hadithi.

Watoto wakasema kwamba askari wao walisafiri baharini mpaka Afrika ya Magharibi, wakajenga huko mji uitwao Mji wa Kioo. Wao wenyewe wakajifanya majini wakuu, kama majini wa Alfu Lela Ulela, wenye uwezo wa kufufua wafu. Wakaandika vitabu vidogo kama kibiriti, ili viwe kadiri ya askari hao. Vita vilipoua watu wengi, jini alisema neno, nao wakasimama tena. Mchezo huo ulipendeza, lakini ulikuwa na hasara yake. Maana asiyeweza kufa hana haja ya ushujaa, wala hakuna amwogopeaye.

Tena nchi ile waliyojenga mji wao haikuwa tupu. Walipigana humo na Waasante, taifa la kweli lenye mfalme wake na mji wake mkuu, Kumasi. Mwezi wa Januari mwaka 1824 jeshi la Waasante lilikuwa limewashinda Waingereza na kumwua gavana wao, Charles MacCarthy. Watoto walipata habari za Afrika katika magazeti na vitabu vya jiografia. Nchi yenyewe hawakuiona. Wakazua mwana wa mfalme, jina lake Quashia, aliyelelewa nyumbani kwa Wellington baada ya baba yake kuuawa, kisha akageuka kuwa adui. Jina hilo limetoka katika Kwasi, ambalo Waakani humpa mtoto mwanamume aliyezaliwa Jumapili. Nyuma ya jina kama hilo yuko mama, iko na siku ya furaha nyumbani. Lakini watungaji walimpa Quashia hasira nyingi na mambo ya nyumbani machache, na katika wale wanne hakuwapo wa kumsemea. Amtwaaye mtu wa taifa geni na aulize kwanza jinsi watu wa kwao wamwitavyo, na wampendavyo.

Miaka ikapita. Charlotte akamwacha Wellington, akamchagua mwanawe, aliyeitwa Zamorna. Branwell akamzua Percy, mshindani wa Zamorna. Kisha wakafanya jambo la akili: wakamwoza Zamorna binti wa Percy, jina lake Mary. Tangu hapo adui akawa mkwe, wala hakuna aliyeweza kumpiga mtu wa mwenziwe bila kumwumiza wake mwenyewe. Walakini mwaka 1836 Charlotte alikuwa mbali na nyumbani, akifundisha katika shule ya Roe Head, na Branwell akaandika kwamba Mary amekufa. Charlotte alipoishika kalamu akaandika kwamba Mary yu hai. Hapo ndipo palipo na hatari ya hadithi ya shirika. Mtu aliyekwisha kupendwa na wawili hauawi kwa shauri la mmoja.

Emily na Anne walikuwa wamekwisha kutoka katika Mji wa Kioo. Mwaka 1831, Charlotte alipokwenda kusoma shuleni, wadogo hao walianzisha nchi yao wenyewe, Gondal, kisiwa katika bahari ya Pasifiki ya kaskazini. Hawakuiacha hata walipokuwa watu wazima. Mwaka 1845, Emily mwenye miaka 26 na Anne mwenye miaka 25 walisafiri kwenda York, na katika safari hiyo wakawa watu wa Gondal, wakikimbia kujiunga na upande wa mfalme. Hivyo ndivyo mtu wa hadithi ajulikanavyo hasa: kwa kusema kwa kinywa chake na kwenda kwa miguu yake.

Mwaka 1847 dada hao watatu walitoa vitabu kwa majina ya kubuni, na kitabu cha Charlotte kiliitwa Jane Eyre. Yule aliyemnyakua askari mrefu kupita wote alikuwa sasa amemchagua Jane, yatima, mfupi, maskini, asiye na uzuri wa sura. Zamorna alikuwa na nguvu, mali na sifa, naye leo ajulikana na wachache. Jane hakuwa na kitu, naye husomwa po pote vitabu vya Kiingereza visomwapo. Upungufu wa mtu ndio mlango ambao wengine huingia kwake. Asiyepungukiwa na kitu hamhitaji mtu.

Basi ukitaka kuzua mtu wa kuingia katika hadithi ya wenzako, mpe alama moja ya kumtambua. Mpe jambo alitamanilo. Mpe na jambo asiloliweza, ili mwenzako apate kazi ya kumsaidia. Mfunge kwa udugu, au deni, au ahadi, na mmoja wa waliokuwamo kabla yake. Usimwoneshe yote siku ya kwanza. Wenzako nao wamgundue. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mtu wako akiingia, na wale waliomtangulia wakapata la kusema ambalo hawakuwa nalo jana, umemzua vema.