Usukani Uliolegea na Amana ya Muuzaji



Ndugu wasomaji, wiki hii hatukuja na mas'ala ya udhu wala ya mirathi. Tumekuja na habari ya vipande viwili vya mpira vilivyofichama chini ya gari letu, na jinsi vilivyotukaribisha kwenye dhambi ambayo wengine tumekuwa tukiwaonya nayo miaka yote.

Gari lenyewe ni saluni ya Kijapani ya mwaka 1994. Limepeleka watoto chuoni, limefuata majeneza, limebeba maharusi. Kwa muda wa miezi 6 lilikuwa na sauti. Kila likivuka tuta, chini upande wa dereva kulisikika ko, ko, kama mgeni abishaye hodi asiye na haraka. Katika barabara iliyonyooka usukani ulikuwa umelegea: tukiugeuza kidogo, gari halikuitika, tukiongeza, likaitika zaidi ya tulivyotaka. Safari ya Mombasa hadi Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi, ilikuwa ni kazi ya mikono isiyo na mapumziko.

Hatukukaa bure. Gereji ya kwanza walibadilisha ncha za tairodi, na ya pili wakabadilisha bolijointi. Fedha zikatoka, sauti ikabaki. Mwishowe tukafanya wafanyavyo wengi: tukaongeza sauti ya kisomo redioni, tukasema gari limezeeka.

Kisha ukaja usiku mmoja wa mvua, tukirejea kutoka mazishini Kilifi. Lori lilitupita kwa kasi, upepo wake ukalisukuma gari kando. Tukageuza usukani, na kwa muda wa kupepesa jicho gari halikusikia. Kisha likasikia, Alhamdulillahi. Mama watoto alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, na hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Asubuhi yake tuliazimia kuliuza.

Mnunuzi hakukawia. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyetaka gari la kubebea abiria baina ya Mtwapa na mjini. Alipotaka kulijaribu, sisi ndio tuliomchagulia njia, na Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimchagulia njia isiyo na tuta hata moja. Kijana akaridhika, bei ikapatana, akaomba siku 3 atimize fedha.

Usiku ule mama watoto alituuliza, "Baba, yule kijana umemweleza habari ya usiku ule wa Kilifi?"

Tukamjibu kwamba gari ameliona kwa macho yake mwenyewe.

"Ameona rangi," akasema, kisha akaendelea kukunja nguo.

Wasomaji wetu wanaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwa muuza chakula, akatia mkono wake ndani ya rundo, vidole vikatoka na unyevu. Juu palikuwa pakavu, na chini palikuwa pamelowa. Habari hiyo tumeisomesha mara zisizohesabika, na kila mara tulisimama upande wa mnunuzi. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, tulijiona tumekaa nyuma ya rundo. Tena mwenye chakula kilicholowa humtia mwenziwe hasara ya mali tu. Sisi tulikuwa tukimkabidhi kijana hatari iliyotutisha sisi wenyewe, aende nayo barabarani akiwa amebeba watoto wa watu.

Siku ya pili, baada ya sala ya Alfajiri, tulilipeleka gari kwa fundi mmoja ambaye utotoni alikaa mbele yetu chuoni. Tulitaka angalau tujue ugonjwa ni nini, ili tuwe na la kumwambia mnunuzi. Fundi hakukimbilia jeki. "Liache lisimame juu ya magurudumu yake, Maalim," akasema. "Ukiliinua, mzigo unaondoka na ugonjwa unajificha." Akamkalisha mwanetu kwenye usukani, injini ikiwa inanguruma, akamwamuru augeuze kidogo kushoto na kidogo kulia, bila kusita. Yeye akainama na tochi, akamulika nyuma ya injini, kisha akatuita tutizame.

Tuliyoyaona tutayaeleza kwa wepesi. Usukani hushuka kwa fimbo mpaka kwenye chuma kirefu kilicholala kwa mapana, ambacho mafundi hukiita reki. Ndani ya reki mna chuma chenye meno. Dereva akizungusha usukani, chuma hicho huteleza kushoto au kulia, nacho husukuma tairodi, na tairodi hugeuza magurudumu. Reki yenyewe haitakiwi kusogea. Imeshikwa mwilini mwa gari kwa vibanio viwili vya chuma, na baina ya kibanio na reki mna mpira, nao ndio bushi. Kazi ya bushi ni kuishika reki isitikisike, na papo hapo kupunguza mitetemo ya barabara isifike mikononi.

Reki yetu ilikuwa ikitembea. Kila mwanetu alipogeuza usukani, chuma kizima kilisogea kwanza kiasi cha milimita 5 au 6, ndipo magurudumu yakaanza kutii. Ule upungufu ndio uliotupata mbele ya lori. Na kila gurudumu lilipopanda tuta, nguvu ilirudi kupitia tairodi ikaisukuma reki, ikagonga kibanio: ko, ko.

"Waliotangulia hawakukudanganya, Maalim," akasema fundi. "Walitazama matawi, shina wasilitazame."

Bushi zenyewe kwa nje zilikuwa nyeusi na nzima. Fundi alipozigusa kwa ncha ya bisibisi, ilizama kama iliyotiwa kwenye halua. Bomba la mafuta ya usukani lilikuwa likidondosha tone baada ya tone juu yake, na mpira wa kawaida ukilowa mafuta huvimba, hulainika na huoza. Hatukuwa na haja ya kufundishwa maana yake. Huo ndio unyevu chini ya rundo, na mwenye kuutilia mkono alikuwa mwanafunzi wetu.

Tukamwambia azitoe, na kwa hofu tuliyokuwa nayo tukamwomba atie zilizo ngumu kuliko zote. Tulisikia kwamba zipo za alumini zisizobonyea kabisa. Akatabasamu kwa heshima, akasema hizo ni za magari ya mashindano. Reki iliyofungwa chuma kwa chuma hujibu upesi, lakini kila pigo la barabara huingia ndani ya reki na mikononi mwa dereva, na gari la familia halikuundwa kwa hayo. Akatupa njia mbili. Ya kwanza ni bushi za mpira kama zile za asili, laini na tulivu, zitakazodumu iwapo mafuta hayatazifikia. Ya pili ni bushi za poliyurethini, ambazo ni ngumu kuliko mpira, hazilainishwi upesi na mafuta, na bado zina ulegevu kidogo wa kupokea pigo. "Lakini utaisikia barabara zaidi," akatuonya, "na nikizifunga kavu zitalia kama kitanda cha kamba."

Tukachagua poliyurethini. Hata hivyo hakuanza na bushi. Alianza kwa kubadilisha bomba lililovuja, kwani kutia bushi mpya chini ya tone lile ni kuurudia ugonjwa. Kisha akaliinua gari, akaliweka juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake hakuiamini hata kwa dakika moja. Alipofungua vibanio tukaona kimoja kimeliwa na kutu, kwani sisi watu wa pwani chumvi ya bahari hutufuata hata chini ya magari. Kibanio hicho akakibadilisha. Pale kinapokaa mwilini mwa gari akapasugua kwa brashi ya waya, akapagonga na kupakagua mpaka aliporidhika kuwa chuma bado ni kizima. Lau kingekuwa kimeoza, alisema, ingebidi kuchomelea kwanza. Bushi akazipaka grisi iliyokuja nazo, akakaza boliti kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, na mwisho kwa spana ya kupimia nguvu. Kisha akatutuma tukapimiwe alaimenti, kwa sababu reki ikishaguswa, magurudumu huenda yakawa hayatazami tena mbele sawasawa.

Adhuhuri ilitukuta tukivuka matuta kwa makusudi. Sauti ilikuwa imekwisha. Usukani ulikuwa mzito kidogo na mtiifu mno, na kwenye njia ya mawe mitetemo ilitufikia viganjani kuliko zamani. Tuliipokea kwa shukrani. Ni afadhali gari linalotuambia habari ya kila jiwe kuliko lililokuwa likitunyamazia.

Ikabaki amana ya kijana. Alipokuja na fedha zake tulimketisha, tukamweleza yote: sauti, usiku wa Kilifi, njia isiyo na tuta, ugonjwa na tiba yake. Tukamwonyesha bushi kuukuu. Alizibonyeza kwa kidole, akafikiri kitambo, kisha akasema, "Maalim, nakushukuru. Lakini kama hili umelificha siku 3, nitajuaje kama hakuna jengine?" Akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Hatukuwa na la kumjibu. Alikuwa na haki. Bushi hubadilishwa kwa nusu siku, na kumbe imani ya mtu ikishalegea haina spea dukani. Lau tungesema siku ya kwanza, huenda angelinunua gari likiwa bovu, kwa bei ya gari bovu, akalitengeneza mwenyewe, na sote tukaridhika.

Basi, ndugu zetu, gari likigonga chini au usukani ukichelewa kuitika, msiongeze sauti ya redio. Mwambieni fundi atizame reki gari likiwa juu ya magurudumu yake, na usukani ukigeuzwa, kabla hamjanunua kitu. Na siku mtakapoliuza, mpitisheni mnunuzi kwenye matuta.

Gari bado tunalo. Mama watoto hakutuuliza tena habari ya kijana, ila Ijumaa iliyopita, tulipovuka tuta la mbele ya msikiti kimya kimya, alitutazama akatabasamu.

Mwenyezi Mungu atupe ndimi za kusema kasoro za bidhaa zetu kabla hazijasemwa na barabara. Amin. Wabillahi tawfiq.