Mstari Usio na Maneno

Vijana wanaotengeneza muziki kwa kompyuta huku Ngara na Biharamulo wanaiita lidi. Ni ile sauti ya kinanda inayotangulia mbele ya ngoma na besi, inayoimba pale mwimbaji anapovuta pumzi, na ambayo msikilizaji huondoka nayo akiipigia mluzi njiani hata kama hakushika neno moja la wimbo. Mimi nimezoea kuiita sauti kinara. Wanafunzi wangu hunicheka kidogo, kisha hulitumia neno. Ninawaandikia washairi kuhusu jambo hili kwa kuwa kila kijana anaponiletea wimbo na kulalamika kwamba lidi yake haina uhai, ninachokikuta humo ni kasoro ambazo sisi tungezitambua upesi katika shairi: hakuna pumzi, hakuna kituo, na kila silabi ina uzito uleule.

Mwaka juzi alinijia kijana wa Nyakanazi na kazi ya namna yake. Babu yake mzaa mama, aliyezaliwa upande wa Burundi karibu na mto Ruvuvu na kuzeekea katika vilima vya Ngara, alikuwa mpiga inanga. Alipofariki aliacha ala yenyewe, nyuzi zikiwa zimelegea, na dakika chache za sauti yake ndani ya simu ya mjukuu. Kijana alikuwa ametunga wimbo wa kumkumbuka, kwa Kiswahili, wa mwendo wa kuchezeka, mapigo 100 kwa dakika. Njia rahisi ingekuwa kukata kipande cha rekodi ile na kukipachika katikati ya wimbo. Watayarishaji wengi hufanya hivyo, na aghalabu hufanya vizuri. Mama yake alikataa. Sauti ya baba yangu, alisema, haitachezewa kwenye baa za Nyakanazi. Aliyewahi kulala katika njia panda ile, ambako malori ya kwenda Rwanda na Burundi huegeshwa usiku kucha, ataelewa alichokuwa akikilinda. Basi ilitubidi tumwekee mzee nafasi yake ndani ya wimbo pasipo kuitumia sauti yake, nasi tulikuwa na kompyuta mpakato, programu ya FL Studio, na kinanda kidogo cha vibonyezo 25.

Hapa sina budi kueleza juu ya inanga. Ni ubao mrefu uliochongwa ukawa na tumbo kama sinia, na juu yake uzi mmoja umepitishwa huku na huko hata ukawa nyuzi kadhaa. Wahaya wa upande wa Bukoba nao wana ya kwao, na Profesa M. M. Mulokozi alizifanyia utafiti tendi zinazoimbwa kwayo katika tasnifu yake ya mwaka 1986. Lakini Mrundi ana mtindo mmoja wa ajabu: hupiga nyuzi na kunong'ona. Haimbi. Sasa fikirini. Katika mnong'ono koo halitetemi, kinachotoka ni hewa tu, na hewa haina juu wala chini. Kirundi, sawa na jirani yake Kihangaza, ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hutofautisha maneno. Mnong'onaji angekuwa ameipoteza sehemu hiyo ya maana. Zile nyuzi ndizo zinazoirudisha: maneno yanatoka mdomoni, toni zinatoka vidoleni, na masikio ya msikilizaji huviunganisha viwili hivyo hata akaapa kwamba ule mnong'ono wenyewe unaimba.

Nilipomweleza kijana hayo alikaa kimya, akasema, "Kwa hiyo mwalimu, kinanda chetu kina toni bila maneno." Ndivyo. Sintesaiza imepewa nusu ya kazi ya mzee yule, na nusu ya pili mtu husahau kuipa. Vijana huanza kwa kutafuta sauti nzuri katika orodha ya mamia ya sauti zilizotengenezwa na wengine, wakaijaribu moja baada ya nyingine hadi umeme ukakatika. Nilimtaka aanze na mstari. Aliuandika kwa Kirundi, silabi nane, maneno ambayo babu alizoea kumwambia alipomuaga jioni. Ni maneno ya familia, siyaweki hapa. Akausema mstari mbele ya maiki mara kumi, kwa sauti na kwa mnong'ono, nami nikatazama katika kioo cha kompyuta wapi sauti ilipanda, wapi ilishuka, wapi ilikatika. Ndipo tukapiga noti.

Kuhusu sauti yenyewe, tulianza na wimbi la msumeno. Limeitwa hivyo kwa umbo lake, na lina utajiri kwa sababu ndani yake mna ngazi zote za noti ya msingi: ya pili, ya tatu, ya nne na kuendelea, kila moja hafifu kuliko iliyotangulia. Wimbi la mraba lina zile za witiri pekee, ndiyo maana husikika kama filimbi yenye mafua. Programu yetu ina kifaa chenye vyanzo vitatu vya mawimbi. Viwili tuliviweka msumeno, kimoja kikiachana na mwenzake kwa senti 7, yaani sehemu 7 kati ya 100 za nusu-toni. Ni tofauti ndogo kiasi kwamba hakuna atakayesema wamekosana, lakini kwenye noti ya hezi 440 huzaa wimbi la kupwa na kujaa karibu mara 2 kwa sekunde, na sauti huacha kuwa bapa. Chanzo cha tatu tukakipa uvumi mtupu, ule wa redio iliyopoteza stesheni nyuma ya kilima, kwa kiasi kidogo mno. Huo ndio mnong'ono.

Filta ilitupa irabu. Anayetamka "a" hufungua kinywa na sauti huangaza. Anayetamka "u" huizungushia midomo na mwanga hupungua. Tukaifungua filta penye "a" na kuifumba penye "u", kwa mkono, silabi kwa silabi, na jioni mbili zikaishia hapo. Sijutii hata dakika moja, maana ghafla kinanda kikawa na mdomo.

Lililotuchukua muda mrefu zaidi ni mwenendo wa sauti. Wenye lugha ya Kiingereza wameuita kwa neno ambalo pia maana yake ni bahasha, na kijana mmoja aliwahi kuniuliza kama bahasha ya sauti nayo hufungwa kwa gundi. Mimi hutaja hatua zake nne tu: kuchomoza, kupungua, kudumu, kutoweka. Kuchomoza ni konsonanti. Noti inayoanza ghafla ni "t" au "k". Inayoanza polepole ni "m" au "w". Lidi nyingi ninazoletewa huanza kila noti kwa namna ileile, na mtu anayesema "ta ta ta ta" dakika tatu hasikilizwi hata na mamaye. Tuliunganisha nguvu ya kidole na mwendo wa kuchomoza: ukigonga, noti inadonoka kama uzi wa inanga, ukigusa, inavuta pumzi kwanza.

Halafu tukazuia kinanda kisitoe noti mbili kwa wakati mmoja. Koo la mtu haliwezi, na Minimoog ya mwaka 1970, iliyowafundisha wapiga vinanda kote duniani namna ya kuongoza kwa sauti moja, haikuweza pia. Noti ikifuata nyingine kabla ya ile ya kwanza kuachwa, sauti huteleza kutoka huku hadi kule. Sisi tuliuweka mtelezo wa milisekunde 60, tena kwenye silabi mbili tu ambazo kijana mwenyewe aliziteleza alipozungumza. Mtetemo tuliuchelewesha: waimbaji hutetemesha sauti mara 5 au 6 kwa sekunde, na aghalabu noti husimama wima kwanza ndipo itetemeke. Mashine ikiachiwa hutetemesha tangu mwanzo, ikawa kama mzee anayelia kabla hajapewa habari. Waundaji wa vinanda wenyewe waliwahi kuliona pengo hili la pumzi. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ilikuwa na tundu la kuchomekea kidude cha kupulizwa kwa mdomo, ili mpigaji aitawale sauti kwa hewa ya mapafu yake. Sijawahi kukiona kifaa hicho huku kwetu, ila wazo lake ninalifundisha.

Mwangwi nitaupita haraka: milisekunde 450, yaani robo tatu ya pigo kwa mwendo wetu, na sauti nzito zikiondolewa humo zisije zikagombana na besi. Basi.

Mambo haya hayawi sheria kwa kila muziki. Singeli ya Dar es Salaam hukimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na lidi yake inayopiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa ni raha yake. Ukiitia pumzi utaiua. Wimbo wetu ulikuwa na mtu ndani yake, tena mtu anayejulikana kwa jina na kwa sauti na wale watakaousikiliza.

Kwa hiyo tuliusikilizisha. Tulikwenda Nyakanazi kwa mama yake, na spika ndogo ya kuchaji, malori yakinguruma nje. Kelele ile ilikuwa mtihani mzuri: besi yote ilimezwa, na kilichobaki kikisikika ni kile cha kati ya hezi 2,000 na 4,000, ambako sikio la binadamu ni kali kuliko kwingine. Nilimwamkia, akaniitikia, akakaa kwenye kigoda akiwa na upawa mkononi. Wimbo ukapita ubeti wa kwanza, kiitikio, kisha kinanda kikasema mstari wake. Hakutikisa kichwa wala kutabasamu. Akauliza, "Anasema nini hapo?" Mwanawe akamwambia. Akataka urudiwe.

Mara ya tatu alisema, "Baba hakuwa akivuta mwisho namna hiyo. Alikuwa anakata, anageuka, anaingia ndani."

Nilifungua kompyuta juu ya magoti palepale. Kutoweka kwa noti ya mwisho kulikuwa milisekunde 400. Nikakushusha hadi 90, na ule mwangwi nikauzima kwenye silabi hiyo peke yake. Tukaupiga tena. Akasikiliza hadi mwisho, akaondoka kwenda kutazama chungu jikoni, na alikuwa amekwisha kufika mlangoni aliposema, bila kugeuka, "Haya, mwanangu. Kautoe."

Siku hizi wimbo huo hupigwa katika baa zilezile, na madereva wa malori hushuka asubuhi kupasha injini moto wakiupigia mluzi mstari wa Kirundi wenye silabi nane, wakiukata mwisho pale alipokuwa akiukata mzee.