Kuridhika si Kunyamaza

Mkristo akisema "nimeridhika", wengi huelewa kwamba amekata tamaa ila amelipamba neno. Ndiyo maana vijana hawalipendi. Mtahiniwa anayekesha na daftari akiitafuta Daraja la Kwanza ataambiwaje aridhike? Mimi nami neno hilo lilinisumbua miaka mingi, kwa sababu ya dada yangu.

Dada alimaliza darasa la saba mwaka 2007, akachaguliwa kwenda sekondari. Siku hizo shule za kutwa za serikali zilitoza ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake kulikuwa na sare na michango: dawati, mlinzi, karatasi za mitihani. Baba alikwisha kufariki. Dada akabaki nyumbani, akajifunza kushona kwa jirani. Miaka miwili baadaye nilipochaguliwa mimi, ada yangu ilitoka kwenye cherehani yake.

Kila Jumapili ya mavuno alipeleka kanisani mayai au mkungu wa ndizi, navyo vikapigwa mnada nje baada ya ibada, kama ilivyo desturi yetu Walutheri. (Wanaoujua mnada ule wanajua kwamba yai moja laweza kununuliwa kwa bei ya kuku.) Alirudi akiimba. Nami nilijiuliza: huyu anashukuru nini hasa? Anamshukuru Mungu kwa kukosa shule?

Jibu nilianza kulipata kwa Paulo, ambaye naye alikuwa fundi. Kazi yake ilikuwa kushona mahema. Barua kwa Wafilipi aliiandika akiwa kifungoni. Katika sura ya nne anaeleza kwamba amejifunza kuridhika katika hali zote, ya shibe na ya njaa. Amejifunza, maana yake hakuzaliwa nako. Na hapohapo anawashukuru Wafilipi kwa msaada waliomtuma Epafrodito ampelekee, wala haoni haya kuiita hali yake dhiki. Ukiulizwa kuhusu barua hii, usiishie kuandika kwamba Paulo aliridhika. Taja alikuwa wapi alipoyasema hayo, kwa maana pasipo minyororo ile maneno yake yangekuwa mepesi.

Lakini kilichonifungua macho zaidi ni Matendo ya Mitume sura ya 16, katika mji uleule wa Filipi. Paulo na Sila wamechapwa mbele ya watu, wametupwa gerezani, miguu imebanwa. Usiku wa manane wanamwimbia Mungu. Wahubiri wengi husimulia wimbo, tetemeko la ardhi na mlinzi aliyebatizwa na jamaa yake, kisha wakafunga kitabu. Wanaiacha asubuhi. Asubuhi wakuu wa mji walituma watu waseme wafungwa waachiliwe waende zao. Paulo akakataa kuondoka kimyakimya. Yeye na Sila ni raia wa Rumi, wamepigwa hadharani bila kuhukumiwa. Waliowatia ndani na waje wenyewe wawatoe. Nao wakaja kuwasihi, kwa hofu. Aliyeimba usiku ndiye huyohuyo aliyedai haki kulipokucha, na sioni mahali ambapo Luka anayaona mambo hayo mawili kuwa yanapingana.

Siku moja nilimwuliza dada waziwazi. Hakuinua hata macho kutoka kwenye kitambaa.

"Mdogo wangu, nashukuru kwa cherehani. Kwa kukosa shule sijawahi kushukuru hata siku moja."

Basi wewe unayesoma katika shule isiyo na maabara, unaweza kumshukuru Mungu kwa mwalimu mmoja wa kemia aliyebaki, na bado ukaenda ofisini, kwa adabu, kuuliza vifaa vitafika lini. Shukrani kwa kidogo ulichonacho haimpi mtu ruhusa ya kukupunja.

Binti wa dada sasa yuko sekondari. Ada iliondolewa mwaka 2016, ila michango haijaisha kabisa. Kwenye kikao cha wazazi dada hufika na futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Husimama, akauliza mchango huu umepitishwa na kikao gani na risiti ziko wapi. Akishajibiwa huaga, akarudi kwenye cherehani yake, na majirani humsikia akiimba hata kabla hajafika mlangoni.