Hiyo Nimechora Tu

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, hapakuwa na mtindo wa uchoraji uitwao Tingatinga. Palikuwa na vipande vya hadibodi, rangi za mafuta za kupaka baiskeli, na mtu kutoka Tunduru aliyekuwa akitafuta riziki. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni waliokuja kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafariki. Jina lake wakabaki nalo wanafunzi wake, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika kinachojulikana kwa jina hilo.

Jina hilo limesomesha watoto na kujenga nyumba, na ninaliheshimu. Kinachonisumbua ni namna linavyotangulia kazi. Pale Oysterbay nilimkuta kijana akimtia kanga madoa, kidole cha mwisho amekiegemeza ubaoni ili mkono usitetemeke. Nyuma ya tembo na twiga, uso umegeuziwa ukuta, kulikuwa na picha nyingine: mama anamenya mihogo, simu ameibana kwa bega, jicho moja liko kwa mtoto anayetambaa kuelekea jikoni. Nilisimama pale muda mrefu. Nilipomuuliza kuhusu picha ile alinijibu, "Hiyo si Tingatinga, dada. Hiyo nimechora tu."

Mtu amechora alichokiona kwa macho yake, halafu anakihesabu si kitu kwa sababu hakina jina sokoni! Lakini mwenye jina lenyewe naye alikuwa akichora tu.

George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, mara nyingi hutajwa kama msanii wa Tingatinga. Lilanga alikuwa Mmakonde, mchongaji kabla ya kuwa mchoraji, na alifanya kazi katika kituo cha wasanii cha Nyumba ya Sanaa. Vile viumbe vyake vyenye masikio makubwa na midomo iliyovimba vimetoka kwenye mashetani ya vinyago vya Kimakonde. Anayeitazama picha ya Lilanga kwa jina la Tingatinga haioni tindo ndani ya brashi. Washairi nao waliyapitia haya ya jina kutangulia kazi: mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974, watu walibishana miaka na miaka kama yale ni mashairi, na yaliyosemwa mle ndani yakasubiri.

Nasi tusio wasanii tunajifungia ndani ya majina vivyo hivyo. Mtu husema yeye ni wa hesabu, basi hagusi kitabu cha hadithi hadi anazeeka.

Msanii, jina la mtindo liandike kwenye kibao cha duka, lisikuchagulie cha kuchora. Picha uliyoigeuzia ukutani igeuze, uiwekee bei. Nawe mnunuzi, ukifika Oysterbay, muulize mchoraji amechora nini na kwa nini, kabla hujamuuliza kama ni Tingatinga.